Anayeitika Saa Moja na Nusu

Saa moja na dakika ishirini na tano asubuhi, Inspekta Phébé Nday alikuwa amekalia dawati ambalo kwa wiki tatu hakuna mwanafunzi aliyethubutu kulikalia. Mvua ya Novemba ilikuwa imekatika alfajiri. Ukungu ulishuka juu ya Kamina mpaka madirisha ya darasa yakawa kama yamepakwa chokaa. Upande wa kituo gari-moshi lilipiga honi mara moja, kisha likanyamaza.

"Maman Inspecteur, njo dawati yake ile," alinong'ona Marie-Thérèse, karani wa shule kwa miaka ishirini na minane. "Kuya wikale huku mbele."

"Naona muzuri hapa," alijibu Phébé.

Wanafunzi walikuwa wameambiwa wasifike kabla ya saa mbili. Ndani walikuwamo watatu tu: inspekta, karani, na Jessé Mwepu, kijana mwembamba mwenye shahada ya informatiki, aliyetolewa mahabusu asubuhi hiyo. Viatu vyake bado havikuwa na kamba. Mbele yao, juu ya meza ya mwalimu, kompyuta ya Jessé ilikuwa imefunguliwa kwenye ukurasa wa mahudhurio alioiandikia shule hiyo mwaka uliopita. Majina thelathini yalipangwa kwa rangi ya kijivu. Mwanafunzi akigusa jina lake na kuandika namba yake ya siri, jina hugeuka kijani, na mzazi aliye nyumbani huliona kwenye simu yake.

Jina la kumi na saba lilikuwa la Carine Mwanza, miaka kumi na sita. Wiki tatu zilizopita, sanduku la Carine lilizikwa kwenye makaburi nyuma ya kanisa. Baba yake mdogo, Kyungu, alisema msichana alianguka kutoka kwenye mtumbwi karibu na Mulongo na mto haukumrudisha. Basi sandukuni waliweka nguo zake na kigogo cha mgomba, kama ilivyo desturi kwa mtu aliyechukuliwa na maji, nao wakamlilia.

Kesho yake asubuhi, Carine aliitika shuleni.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza Phébé.

"Moja na dakika makumi mbili na tisa," alisema Jessé. Alikuwa ameigeuzia kompyuta kisogo.

Tone la maji lilianguka kutoka darini likapiga sakafu, likafuata la pili. Phébé alishika kalamu juu ya daftari. Halafu, bila sauti yoyote, jina la kumi na saba likawa kijani.

*Carine Mwanza. Yuko.*

"Vidye wetu, Mungu wetu," Marie-Thérèse aliguna, akajifunika uso kwa kitenge.

Phébé aliandika: *7.31. Nimeona mwenyewe.* Aliinama akaangalia chini ya dawati, akapapasa mbao. Hapakuwa na kitu isipokuwa jina lililochongwa kwa ncha ya bikari.

"Inaitika kila siku?"

"Kila siku ya masomo," alisema Jessé. "Ila Jumatatu ya wiki jana. Ile siku haikuitika."

Phébé aliandika hilo pia, akalipigia mstari. Nje ya lango watu walikuwa wameanza kukusanyika. Sauti zao zilipita kwenye ukungu kama zinatoka chini ya ardhi. Leo saa sita mchana familia ilipanga kumaliza kilio. Wakubwa wa mtaa walikuwa wamesema wazi: kama saa sita itafika na Jessé hajamwachilia roho wa mtoto aliyemfungia kwenye mashine, nyumba ya wazazi wake itachomwa, na yeye hatafika mbali.

"Jessé," alisema Phébé, "nielezee hii masini kama unaelezea mama yako. Sina haraka, lakini saa sita iko na haraka."

Kijana aligeuka kwa mara ya kwanza, akafungua dirisha jingine lililojaa mistari ya maandishi.

"Kuko luga za programu zenye kukuachia uandike ovyo, Maman. Kosa litaonekana siku muntu anafungua page. Minyi sikutaka vile. Nilichukua luga yenye kusomwa mbele. Kuko programu moja, tunaiita compilateur, inasoma kila kintu niliandika. Kama kipande kimoja hakiingiane na kingine, inakataa. Page haizaliwe."

"Kama fundi wa milango."

"Njo vile! Fremu na mulango bikikatalana, hakuna mulango." Alinyoosha kidole. "Sasa, juu ya kila kazi ninaweka alama. Hii, yenye kuanza na hii kiduara: *@Anaitika(Mwanafunzi)*. Alama inaambia compilateur: hapa anapita mwanafunzi, hapana mwingine. Na Marehemu ni aina yake ingine. Karani akiingiza kifo, Mwanafunzi anageuka Marehemu. Na Marehemu hawezi kupita mu kazi ya kuitika. Hata minyi niliyeandika siwezi kumupitisha."

"Hata ukitaka?"

"Hata nikitaka. Ningejaribu, compilateur ingenirudishia makosa."

Phébé aliisoma alama ile polepole, midomo ikichezacheza. Kisha akamgeukia karani.

"Maman Marie-Thérèse, uliniambia juzi uliingiza kifo cha Carine."

"Niliingiza. Tarehe mbili."

"Na kijana anasema kifo kikiingia, jina haliwezi kuitika. Na minyi nimeliona likiitika. Uongo mumoja unakaa mu hii chumba. Ao ni ya masini, ao ni ya muntu."

Tone jingine lilianguka. Karani alikunja pembe ya kitenge, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ilikataa," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nilijaribu mara ine. Inaleta rangi nyekundu, inaomba karatasi. Mama ya mutoto alikuwa hapa mbele yangu, analia. Minyi karani wa miaka yote hii, nimwambie masini imenishinda? Nikamwambia tayari. Nikamwambia na directeur tayari."

"Karatasi gani?"

Jessé ndiye aliyejibu. "Hati ya kifo. Namba yake, na jina ya munganga. Kama ni mayi ilimuchukua, basi jina ya chef, mukubwa wa kule, na bashahidi babili. Bila ile, hakuna Marehemu." Aliinamisha kichwa. "Maman karani alinisihi niitoshe, niiondoe kabisa. Nikatosha alama moja tu. Compilateur ikanipa makosa kumi na moja. Nikairudisha. Nilidhani niliandika vibaya toka mwanzo."

"Ju ya nini uliiweka?"

"Mu vitabu ya karatasi, muntu anaweza kufa ju ya kalamu moja, Maman. Muntu anapita mustari, basi. Nilitaka hapa kwetu mutoto asitoshwe mu kitabu bila muntu kutia jina yake kusema niliona."

Phébé alifunga daftari, akatoka.

Langoni walikuwa watu kama arobaini. Kyungu alisimama mbele yao, kanzu ya kilio imebandikwa kipande cha kitambaa cheusi kifuani. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu wa mzaha na sauti kubwa, na mtaa ulimpenda.

"Inspecteur! Ule mwanga wako alitapika roho ya mutoto wetu, ao tungoje tumukamulie?"

Watu walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Papa Kyungu, pole na kilio," alisema Phébé. "Ningetaka kwanza kusemesha mama ya mutoto." Akatoa simu, akapiga namba ya Tshiala, mjane wa mwanajeshi aliyekuwa akiishi kambini na binti yake huyo mmoja.

Simu ililia ndani ya mfuko wa Kyungu.

Alicheka, akaitoa, akaizima. "Muntu wa kilio hashike simu, unajua desturi. Iko ku mukeka, hajibu bantu. Minyi njo najibu ju yake, toka siku ya kwanza."

"Najua desturi. Uliwajibu wengi?"

"Eh! Pole kutoka Luena, pole kutoka wapi na wapi."

"Karatasi ya kifo iko wapi, Papa?"

"Mayi haitoaka karatasi, Inspecteur." Hapo walicheka zaidi.

"Mu mutumbwi mulikuwa bangapi?"

"Minyi, ye, na mwenye kupiga kasia."

"Jina yake?"

Kyungu alikuna shingo. "Bantu ya Mulongo, minyi nitajua majina yao yote? Uliza ule muloji maulizo, usiulize mwenye kilio."

"Moja tu limebaki. Toka mazishi, ulitoka Kamina?"

"Mara moja, kutafuta samaki ya kulisha bantu ya kilio. Wiki jana nilienda Bukama Jumapili, nikarudi Jumanne. Uliza kila muntu. Sikuwa hapa, siwezi kucheza na masini yenu."

"Haiko weye ninasema ulicheza nayo," alisema Phébé, akarudi ndani.

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka kwenye veranda. Darasani, Jessé na karani walikuwa wamekaa mbalimbali, wote wakiangalia jina lile la kijani.

"Mwanafunzi anaitikia wapi?" aliuliza Phébé. "Ku mulango tu?"

"Ku mulango, ku tablette ya masomo. Ao ku simu, kama mvua inakata barabara ao muntu iko safari. Tuliweka vile ju ya batoto ya Luena."

"Carine aliitika ku mulango, ao ku simu?"

Jessé aliangalia viatu vyake visivyo na kamba.

"Hujui?"

"Page ya wazazi inaonyesha kijani tu. Kujua zaidi, lazima kugusa jina na kufungua karatasi yake." Mikono yake ilikuwa imeshikana. "Maman, minyi mutoto wa hapa. Nani anafungua karatasi ya maiti? Hata bapolisi bako, walinifunga siku mbili, hakuna aliyegusa ile jina."

"Na weye, Maman karani?"

"Mungu anisamehe, siwezi."

Phébé alivuta kiti. Kidole chake kilisimama juu ya jina kwa kitambo kidogo, kisha kikagusa.

Ukurasa ulifunguka mweupe, na orodha ya asubuhi kumi na tano. Kila mstari ulikuwa na vitu vitatu. Alisoma kwa sauti.

"*Njia: simu. Mahali: Bukama. Sababu: Safari.* Siku ya pili, vilevile. Ya tatu: *simu, Bukama, Ugonjwa.* Ya ine, Ugonjwa. Ya tano, Ugonjwa. Ya sita, Ugonjwa." Aliendelea mpaka chini. "Na toka pale mpaka leo: *Bukama, Kilio. Bukama, Kilio. Bukama, Kilio.*"

Marie-Thérèse alisimama. "Maiti inalia kilio?"

"Ju ya nini hakuandika neno?" aliuliza Phébé. "Hata moja tu?"

"Hawezi," alisema Jessé. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Page haipokee maneno. Inapokea kuchagua tu. Mahali ni aina yenye majina machache: Kamina, Luena, Bukama, Mulongo. Sababu ni ine: Mvua, Safari, Ugonjwa, Kilio. Kitu kingine hakipite. Nilifanya vile ili batoto basiandike upuuzi."

"Na namba ya siri, nani anaijua?"

"Mwanafunzi peke yake. Sisi hatuione hata siye."

Phébé alifungua daftari pale alipopigia mstari. Alizungumza kama anayepanga sahani mezani, moja baada ya nyingine.

"Kyungu anataka hii page ifungwe, basi haiko ye anaiwasha. Weye, Jessé, ulikuwa mu mahabusu asubuhi mbili, na iliitika. Kuko muntu mumoja tu iko na namba. Iko Bukama. Kila siku saa moja na nusu anapata simu ya muntu kwa dakika chache, pengine saa wenye nyumba wanashuka kupokea mitumbwi ya samaki. Siku moja tu hakuweza: ile Jumatatu. Ile Jumatatu Kyungu alilala Bukama."

"Angepigia mama yake," alisema karani.

"Alipiga, nafikiri. Kwa kichwa anajua namba moja tu, ya mama. Na simu ya mama iko mu mufuko ya nani?"

Karani alikaa chini. Kisha akasema, taratibu, jambo ambalo hakuna aliyemwuliza: kwamba mwezi wa nane Kyungu alikuja shuleni kuomba cheti cha kuzaliwa cha Carine. Kulikuwa na mfanyabiashara wa samaki Bukama aliyetaka mke wa tatu. Tshiala alikataa mbele ya familia yote.

"Mutoto aliyekimbia, mama angemutafuta," alisema Phébé. "Mutoto wa mayi, hakuna mwenye kumutafuta. Mulimulilia, mukafunga. Mu Kamina nzima, hii masini peke yake njo ilimuomba Kyungu karatasi."

Jessé alikuwa analia bila sauti.

"Utalia kesho," alimwambia. "Minyi ninataka kumuuliza mutoto neno moja. Page yako inaweza kuuliza?"

Alijipangusa uso kwa mkono wa shati, akaanza kuandika. Aliongeza aina mpya: *Karibu na*. Ndani yake, majina manne: Daraja, Kituo, Soko la samaki, Kanisa. Swali liwe linaonekana kwa mwanafunzi anayeitikia Bukama tu. Alipobonyeza, mstari mwekundu ulitokea.

"Inakataa," alisema karani, akishika moyo.

"Nilisahau alama. Inaniuliza ni nani ameruhusiwa kujibu." Akaandika juu ya kazi ile mpya: *@Anajibu(Mwanafunzi)*. Akabonyeza tena.

Kompyuta ilikaa kimya. Safari hii hapakuwa na wekundu wowote.

"Imepita," alisema.

Kyungu aliitwa ofisini kutia sahihi karatasi, akaja akitania. Hakutoka tena. Askari wawili walichukua simu zake zote, na ile isiyo yake. Phébé alikwenda mwenyewe mpaka langoni.

"Kilio hakiishe leo," aliwaambia. "Hakuna karatasi ya kifo, na hakuna shahidi. Muntu mwenye aliona Carine mu mayi, aje atie jina yake hapa." Aliwanyoshea daftari na kalamu.

Walitazamana. Ukungu ulipita kati yao. Hakuna aliyesogea, na baada ya muda wale wa nyuma walianza kuondoka.

Alimkuta Tshiala kwenye mkeka, uso umevimba, nywele hazijasukwa. Phébé alipiga magoti, akamwekea simu yake mkononi.

"Sina neno la kukwambia leo, yaya, dada yangu. Hii ni yako. Usimupe muntu. Ikilia, itika."

Mama alimtazama muda mrefu. Aliishika simu kwa mikono miwili, kama kifaranga.

Pikipiki ya polisi iliondoka Kamina saa nne, Phébé akiiendesha, Jessé akiwa nyuma yake na kompyuta kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Barabara ilikuwa matope matupu. Walilala Luena, wakaingia Bukama kabla ya jua. Saa moja na dakika ishirini walikuwa wamesimama kwenye daraja, pamoja na askari wawili wa hapo waliokuwa bado wanapiga miayo. Chini yao Lualaba ulipita, mpana, rangi ya chai ya maziwa.

Jessé alishika simu. Jina la kumi na saba lilikuwa la kijivu.

Saa moja na nusu ikapita bila kitu. Dakika thelathini na tatu. Thelathini na tano.

"Mutoto gani munangoja?" aliuliza mmoja wa askari.

"Ule walisha kumuzika," alisema Jessé. Askari yule alirudi nyuma hatua moja.

Dakika ya thelathini na sita, jina likawa kijani. Safari hii Jessé ndiye aliyeligusa.

*Njia: simu. Mahali: Bukama. Sababu: Kilio. Karibu na:*

Nafasi ilikuwa tupu. Phébé aliona ncha ya kidole cha kijana ikiwa nyeupe kwa kubana simu. Halafu neno likajiandika.

*Soko la samaki.*

"Twende," alisema Phébé. "Pole pole, bila firimbi. Wanaume wote wako ku mitumbwi."

Walikuwa wamefika mwisho wa daraja, harufu ya samaki wa moshi ikianza kuwapokea, Jessé aliposimama ghafla katikati ya njia.

"Maman. Angalia."

Aliangalia. Huko mahali fulani, nyuma ya moja ya zile kuta za matofali, mtu alikuwa bado ameshika simu. Alikuwa amesoma swali ambalo jana halikuwepo, akajua kwamba kuna aliyeliandika ili kumfikia. Mstari wa sababu ulikuwa umefutwa na kujazwa upya.

*Sababu: Safari.*